Kivuko cha Safu ya Tatu

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na tano. Mama yangu mzazi anasema neno hilo halinihusu. Wanaostaafu ni walimu na askari, mimi nimeachishwa na wapiga kura. Yuko sawa. Katibu wa mbunge hapewi barua ya kustaafu. Siku msimamizi wa uchaguzi anaposoma jina la mtu mwingine, kazi yako imekwisha papo hapo, hata kama umeacha chai mezani.

Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi hii, na hasa wewe Sara, uliyekikalia kiti changu kwa mbunge mpya. Uliniomba nikuandikie namna ya kufanya kazi. Ukurasa huu wa kwanza nimeuandika mara kumi na moja. Hilo nalo ni sehemu ya ninachotaka kuungama, kwa hiyo nimeamua kwamba wa kumi na mbili ndio utakaoupata, na makosa yake yakiwemo.

Nilianza kazi bila kujua kuwa nimeanza. Nilikuwa na miaka ishirini. Kidato cha nne nilimaliza kwa matokeo ambayo hadi leo siyataji, na nilikuwa nachapa barua za watu katika duka la steshenari mjini Tunduma, mahali ambapo malori yanayosubiri kuingia Zambia hukaa hadi madereva wanajuana na watoto wa mtaa. Kuchapa nilijifundisha kwa kuchora herufi za kompyuta kwenye kipande cha boksi na kukigonga kwa vidole nyumbani. Siku moja akaingia mama wa makamo, amevaa viatu vyeupe vya kinesi, akataka kipeperushi. Alikuwa Mama Nambeye, mkunga aliyeacha kazi ya zahanati ili agombee ubunge. Nilimchapia, nikatazama, nikachapa tena.

"Nimelipia kimoja, mbona unanipa vinne?" aliuliza.

"Vitatu vina makosa, Mama."

"Makosa gani? Mimi siyaoni."

"Mstari wa chini umepanda kidogo."

Alinitazama kama anayempima mgonjwa. "Wewe una ugonjwa," alisema. "Na mimi nauhitaji. Kesho uje nyumbani."

Uchaguzi huo wa kwanza hatukufika mbali. Aliangushwa ndani ya chama chake mwenyewe, katika kura za maoni, akawa wa tatu. Vipeperushi vyetu vilikuwa vimenyooka kuliko vya wagombea wote. Nililia. Yeye alirudi shambani akavuna mahindi, na wiki iliyofuata alianza kuzunguka vijijini upya, akiwa hana cheo chochote, miaka mitano kabla ya uchaguzi mwingine. Mimi nilimfuata kila Jumamosi duka lilipofungwa.

Katika miaka hiyo ndipo alinifundisha daftari. Usitafute kazi hii kwenye kompyuta, Sara. Ipo kwenye daftari. Mama Nambeye aliutoa utaratibu wake wodini, ambako nesi anayemaliza zamu humsomea anayeingia kitabu cha makabidhiano: nani kapewa dawa, nani bado. Daftari letu lilikuwa na safu tatu. Ya kwanza, Nitauliza. Ya pili, Nitafuatilia. Ya tatu, Nitafanya.

"Mbunge hana tingatinga," alikuwa akiniambia. "Mbunge ana mdomo na miguu. Mdomo ni safu ya kwanza, miguu ni ya pili. Ya tatu iache wazi mpaka nikuambie."

Safu ya tatu ilikaa wazi kurasa na kurasa. Ndani yake utakuta vitu vidogo: nitarudi kabla ya mavuno, nitakuja na afisa ardhi akae hapa mbele yenu. Kisha, mwaka ukipita, tulirudi palepale. Mimi ndiye niliyesoma daftari kwa sauti, yeye amekaa kwenye benchi na wananchi. Kila nikimaliza mstari, watu hujibu: "Ulisema!" au "Hukusema!" Baada ya hapo ndipo anasimama kujieleza. Sheria ilikuwa moja: mbunge habishani na daftari.

Katika uchaguzi wa pili ugonjwa wangu ulitusaidia. Fomu ya uteuzi hutaka wadhamini waliojiandikisha kupiga kura ndani ya jimbo, na watu wa Tunduma mnawajua: mtu analala mjini, shamba lake liko Mbozi, kadi aliichukua siku alipokuwa shambani. Wote waliniambia kadi ziko sawa. Nilizikagua moja moja usiku na mchana kwa siku mbili, na asubuhi ya siku ya mwisho nikazirudia tena ingawa nilikuwa nimeshazimaliza. Mdhamini mmoja, mzee muuza viatu, kadi yake ilikuwa ya jimbo la jirani. Fomu hurudishwa mwisho saa kumi jioni. Ilikuwa saa saba.

Dereva wetu, Bakari, mtu wa Tanga aliyekuja Tunduma na lori akasahau kurudi, alikuwa anakula.

"Bakari, toa kadi yako ya kura!"

"Kadi yangu ya Tanga, bwana mdogo. Labda nimdhamini mtu Pangani."

Aliacha ubwabwa, akachukua pikipiki ya jirani, na saa tisa alirudi akiwa amempakia mama muuza ndizi ambaye aproni ilikuwa bado kiunoni. Alitia sahihi akiuliza kama itachukua muda, maana ndizi kamwachia jirani asiyemwamini. Tulirudisha fomu. Tulishinda. Kwa miaka mingi niliamini kwamba tulishinda kwa sababu mimi sikosei.

Sitaeleza sana ya bungeni. Kanuni za Kudumu nilizinakili kwa mkono kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa sikuwa na mtu wa kunifundisha, na kusoma tu hakuniingii. Nakushauri ufanye hivyo. Swali la msingi liandike fupi. Silaha yako ni swali la nyongeza, kwa sababu waziri hajaliona. Na uzoee jibu lisemalo kwamba jambo litafanyika kadiri fedha zitakavyopatikana. Nilikuwa naliandika kwa kifupisho changu mwenyewe, herufi tatu, ili kuokoa wino.

Mheshimiwa mwenyewe hakubadilika. Sokoni Tunduma aliwasalimia wafanyabiashara kutoka Zambia kwa lugha yao, "Mulishani, mulishani," mmoja baada ya mwingine, hadi Bakari akachoka.

"Hao hawapigi kura, Mheshimiwa."

"Wananunua mahindi ya wanaopiga."

Uchaguzi wa tatu tulishinda vizuri zaidi, na hapo ndipo nilipokosea.

Baada ya kuapishwa alifanya ziara ya kushukuru, na ziara za kushukuru huangukia mvua. Tulifika upande wa Ndalambo, kwenye mto ambao kiangazi unavuka kwa kukanyaga mawe, na masika hauvuki kabisa. Kijiji kilikuwa ng'ambo. Watu walikuja hadi ukingoni kwao, sisi tukasimama ukingoni kwetu, na mkutano ukafanyika maji yakiwa katikati. Mama Nambeye alitumia kipaza sauti cha mkononi. Wao walipiga kelele. Waliotaka ni daraja dogo la miguu, wenyewe wakiliita kivuko. Zahanati iko upande wetu, shule ya sekondari iko upande wetu. Wiki mbili kabla, binti wa mama mmoja aitwaye Mama Skola alijifungulia palepale kwenye nyasi, chini ya mwavuli, akiwa anasubiri maji yapungue.

Mheshimiwa alipolisikia hilo aliuliza kwanza kama mama na mtoto ni wazima. Mkunga ni mkunga. Kisha akajibu, nami nikaandika. Nilipomaliza niliweka daftari kwenye boneti ya gari ili nimshike mkono asiteleze akipanda kutoka ukingoni. Mvua ikalikuta.

Nilipolifungua kesho yake ofisini, mistari ya safu ilikuwa imeyeyuka. Maneno yalisomeka: kivuko, jina la kijiji, tarehe. Lakini yalikuwa yameelea katikati ya ukurasa wa bluu, na sikujua tena ni ya safu ipi. Yeye alikuwa ameshaondoka kwenda Dodoma. Kumpigia simu ilikuwa dakika moja. Sikupiga, kwa sababu ningelazimika kusema kwamba nililiacha daftari mvuani.

Nikachukua daftari jipya na rula, nikanakili upya kila kitu. Safu ya kwanza ilikuwa imejaa, ya pili imejaa. Ya tatu ilikuwa tupu na ukurasa ulionekana umeegemea upande mmoja. Kivuko nikakiweka hapo. Kwa miaka minne nilijiambia kwamba nilikumbuka vibaya. Si kweli. Sikukumbuka chochote. Nilikiweka hapo kwa sababu ukurasa ulipendeza. Kurasa zilizolowa nilizikausha, nikawashia jiko la mkaa.

Kiangazi tulivuka kwa mawe, tukakaa chini na wanakijiji, nikasoma. Nilipofika kwenye safu ya tatu nikasema, "Nitafanya: kivuko."

Vigelegele vikapigwa. Katikati ya vigelegele akasimama mama mwembamba, kajifunga kitenge cha kijani, akapunga mkono wote.

"Hukusema! Nesi, hukusema hivyo! Ulisema utauliza. Mimi nilikuwa mbele kabisa, maji yananifika hapa!"

"Mama Skola, kaa chini," mwenyekiti wa kijiji alimwambia. "Tunapewa, wewe unakataa?"

Watu wakacheka. Mheshimiwa hakucheka. Aligeuka kwangu. "Faraja, daftari linasemaje?"

Hapo palikuwa na nafasi ya kuungama. Ilikuwa pana kama mlango wa godauni.

"Linasema 'nitafanya', Mheshimiwa."

"Basi nilisema," alijibu, akasimama kujieleza.

Mliomwona miaka ile mnajua alivyokibeba kivuko kile. Aliuliza swali la msingi, la nyongeza, akachangia kwenye bajeti, akarudia. Zamu za kuuliza ni chache, na vijiji vingine vilipunjwa ili kijiji kile kitajwe. Aliwaleta wahandisi wa wilaya wakapima kwa kamba. Kiangazi kimoja yeye na wanakijiji walisomba mawe wakayapanga ukingoni, wakidhani wataanza wenyewe. Mhandisi akawazuia: daraja bila mchoro litaua watu. Alikuwa sahihi. Mawe yakabaki lundo. Kila nilipochapa barua nyingine ya kivuko niliipanga pembezoni kwa uangalifu mkubwa kuliko barua zote.

Mtauliza kwa nini sikusema. Sikuogopa kufukuzwa. Niliogopa kuwa mtu aliyekosea. Sikuwa na shule, sikuwa na ukoo wa siasa; nilichokuwa nacho ni kwamba sikosei. Nilidhani hicho kikitoka, hapatabaki mtu.

Ukaja uchaguzi wa nne. Mpinzani wetu alikuwa kijana mcheshi, na alilitumia lundo la mawe kama jukwaa. "Hiki ndicho kivuko cha Nesi!" alipiga kelele juu yake. "Pandeni, tuvuke!" Wenye simu walirekodi. Ndani ya siku mbili kila bodaboda wa Tunduma akiliona gari letu alipaza sauti: "Pandeni, tuvuke!"

Zamu yetu ya kampeni upande wa Ndalambo ilikuwa adhuhuri. Njiani, vumbi likiingia hata vioo vikiwa vimefungwa, nilisikia sauti yangu ikisema, "Mama, kivuko hukukiahidi."

Bakari alipunguza mwendo bila kuambiwa. Nikaeleza yote: boneti, mvua, rula, jiko.

"Nilikuwa na wasiwasi tangu siku ile," alisema Mheshimiwa.

"Sasa mbona ulikubali?"

"Ningefanya nini? Nikilibishia daftari siku linaponiumiza, nani ataliamini siku linaponisaidia?"

"Nitawaambia leo. Nitasimama niseme ni mimi."

"Hutasema."

"Mheshimiwa, lakini si ndio ukweli?" Bakari aliingilia.

"Ni ukweli. Ila leo ni siku ya kuomba kura. Akisimama leo, watasema nimemtuma ajitoe kafara, na watakuwa na haki. Utawaambia, Faraja, lakini siku ambayo hatuwaombi kitu."

Nilisoma daftari kama kawaida. Nilipofika kwenye kivuko, umati mzima ukajibu, "Ulisema!", na sauti ile haikuwa ya furaha. Mama Nambeye akasimama. "Nilisema. Sijafanya," akawaambia. "Sina maneno ya kuongeza hapo." Mtu mmoja nyuma akapiga mluzi.

Tulishindwa. Kata zote nyingine tuligawana na mpinzani. Kata ile ilikwenda kwake karibu yote, na hiyo ndiyo iliyoamua. Mheshimiwa alimpa mkono mshindi, akamwambia asisahau kunywa maji kwenye ziara. Mimi nilikaa kwenye gari nikahesabu vifungo vya shati langu.

Siku nne baadaye alinipigia. "Vaa viatu vya mawe. Leo hatuwaombi kitu."

Tulivuka mto mkavu, wawili na Bakari. Mwenyekiti alikusanya watu wachache chini ya paa la ghala la karanga. Wengi walidhani tumekuja kulalamika. Sikuwa nimeandika chochote cha kusoma. Huo ulikuwa mkutano wangu wa kwanza bila karatasi, na niliyasema yote hadi jiko la mkaa. Nilisema kwamba Nesi aliahidi kuuliza na ameuliza. Nilisema kwamba aliyeahidi kufanya ni mimi na rula yangu.

Hakuna aliyepiga makofi. Mwenyekiti alikohoa. Mama Skola akanyanyuka taratibu kutoka kwenye gunia.

"Kwa hiyo nilisikia sawasawa."

"Ulisikia sawasawa, Mama."

"Miaka minne kijiji hiki kinaniita mama Hukusema. Watoto wananiita. Kisimani wananiita. Kwamba mimi sitaki maendeleo, kwamba kivuko kimekwama kwa mdomo wangu." Alinisogelea. "Kwa sababu wewe ulitaka ukurasa mzuri?"

"Ndiyo, Mama."

Nilijitayarisha kwa kofi. Badala yake alinyoosha kidole kwenye daftari. "Andika."

"Niandike nini?"

"Andika kwamba Mama Skola alisema. Siku ileile, mbele ya watu. Andika hapo hapo palipo na uongo, usihamishe pengine."

Nilipiga mstari juu ya neno kivuko katika safu ya tatu, mstari uliopinda, nikaandika pembeni kwa herufi zilizobanana: Mama Skola alisema. Alitaka asomewe. Nikasoma. Mwenyekiti, bila kumtazama, akasema, "Mama Skola, tulikukosea." Akajibu kwamba amesikia, na kwamba tangu mwanzo yeye ndiye anayesikia. Hapo watu wakacheka, naye akacheka kidogo. Mama Nambeye alichukua kalamu yangu na kwa mwandiko wake mwenyewe akakiandika kivuko katika safu ya kwanza.

"Lakini wewe si mbunge tena," mtu mmoja alimwambia.

"Kuuliza hakuhitaji kuapishwa," alijibu.

Mwisho wake uliuona mwenyewe, Sara. Mbunge wako alipokuja kushukuru, mvua ilikuwa imeshanyesha na mto umejaa. Mkutano ukawa wa ng'ambo mbili kama ule wetu. Muda wa maswali ulipofika, mwanamke mwenye viatu vyeupe alitoka katikati ya wananchi, akashika mwavuli kwa mkono mmoja na kipaza sauti kwa mwingine. Mbunge wako aliacha kutabasamu. Nadhani alitegemea kusutwa kwa ajili ya lile lundo la mawe.

"Mheshimiwa, naitwa Nambeye, mkulima," alisema. "Nauliza kuhusu kivuko."

Kutoka ng'ambo ya maji sauti ya Mama Skola ilipanda juu ya zote: "Ameuliza! Mmesikia? Ameuliza!"

Mbunge wako alijibu kwamba atakifuatilia. Mimi nilikuwa nyuma yako. Nilikuona ukiandika, na nikaliona tone la tope likidondoka kutoka kwenye mwavuli wa mtu hadi katikati ya ukurasa wako. Ukashika kona ya karatasi ili uichane uanze upya.

Ndipo nilipokugusa bega nikakwambia uliache. Ulinitazama kama uliyekutana na kichaa, na hatukupata nafasi ya kuongea. Sasa unajua kwa nini. Safu ya pili, Sara. Tope na yote.